Mwalimu Aliyewatafuta Watumishi wa Mfalme

Waliomzika Mwalimu kule Habaswein wanasema jua lilikuwa kali hata wachimba kaburi wakawa wanapokezana jembe kila baada ya muda mfupi. Mimi sikuwapo. Nilipata habari kwa simu nikiwa kazini Nairobi, nikasema innaa lillaahi, nikaendelea kusahihisha kurasa zilizokuwa mezani, kisha nikagundua kwamba nimesoma mstari mmoja mara sita. Tangu siku hiyo nimetaka kuandika habari zake, na kila nikikaa kuandika najiuliza nina haki gani. Wako wenzangu waliosoma kwake darasa moja na mimi ambao wangeweza kuifanya kazi hii kwa mikono safi. Mikono yangu si safi. Lakini wao hawaandiki, na mimi ndiye niliyekula mkate wa kuandika, kwa hiyo msomaji itabidi anivumilie.

Alitufundisha Kiingereza na Historia katika shule ya sekondari ya wasichana mjini Garissa. Alikuwa mrefu, mwembamba, na ndevu zake alizitia hina mpaka zikawa na rangi ya bati lililoshika kutu. Siku zote alivaa shati jeupe la mikono mirefu, hata ile miezi ambayo Garissa nzima hujibanza kivulini pamoja na mbuzi wake. Mfukoni mwa shati zilikaa kalamu tatu, ya buluu, nyekundu na ya risasi. Sisi tulimwita Mwalimu. Wazazi wetu walimwita Macallin, ambalo ni neno lilelile kwa Kisomali.

Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu. P aliigeuza b, v akaigeuza f, na hakuona sababu ya kuomba radhi. Akitaka kusema mpishi wa mfalme alisema mbishi wa mfalme, na darasa zima tukaangua kicheko. Siku ya kwanza alituangalia bila kuelewa. Rafiki yangu Sahra alipomweleza kwamba mbishi ni mtu anayependa kubishana, alifikiri kidogo akasema, "Basi sijakosea. Mmewahi kuona mtu wa jikoni asiyebishana?" Kuanzia hapo mpishi yule akabaki Mbishi, na mpaka leo nikiingia jikoni kwa mtu nikakuta watu wanagombana juu ya chumvi, namkumbuka yeye.

Huyo mpishi alikuwa wa kitabuni. Mwalimu alikuwa na riwaya moja nene ya Kiingereza, isiyo na jalada, iliyofika shuleni ndani ya katoni ya vitabu vya msaada. Ilihusu waasi wa Uskoti, nchi ya milima na baridi huko kaskazini mwa Uingereza, waliopigana na mfalme wao wakashindwa, wakavuka bahari hadi Ufaransa kuomba msaada kwa mfalme wa huko. Nusu ya kwanza ilikuwa milimani, ng'ombe wakiibwa, nyumba zikichomwa, koo zikilipizana kisasi. Nusu ya pili ilikuwa ndani ya kasri la Kifaransa, mabwana waliojipaka poda wakinong'onezana nyuma ya mapazia. Haikuwa kwenye mtaala. Alitusomea dakika za mwisho za kipindi cha Alhamisi, baada ya kazi ya mtihani kumalizika, na ole wako umfanye achelewe kuimaliza.

Ungedhani alipenda vita au mabwana. Hakuwajali hata kidogo. Mkuu wa waasi akiwa katikati ya hotuba yake, Mwalimu alikuwa akisimama ghafla na kidole kwenye ukurasa.

"Nani amefungua lango?"

"Askari, Mwalimu."

"Askari gani? Anaitwaje? Amekula tangu asubuhi? Ana mke?"

"Kitabu hakisemi."

"Kitabu hakisemi. Basi nyinyi mtasema."

Alikuwa na daftari la mistari alilolivalisha karatasi ya kahawia. Ndani yake aliwaandika watu wote wadogo wa riwaya ile. Mtunza farasi. Mshona viatu wa kambi ya waasi. Mama aliyeuza samaki bandarini. Kinyozi wa nywele za bandia. Mbishi wa mfalme. Mbele ya kila mmoja aliandika ukurasa alioingilia na ukurasa alioondokea, na wengi walikuwa wameingia na kutoka katika ukurasa mmoja. Upande wa mwisho wa mstari aliandika neno moja, "Hakurudi." Ukilifungua daftari lile uliona neno hilo likiteremka ukurasa mzima.

"Kwenye kitabu huyu ni mpita njia," alikuwa akisema, "lakini kwao huyu ndiye baba mwenye nyumba."

Alisema hivyo mara nyingi mno, tukawa tunamalizia sisi. Alitusikia, hakukasirika.

Iko Alhamisi moja ambayo sitaisahau. Alikuwa amefika mahali ambapo mjane mmoja wa milimani anawaficha waasi wawili chini ya rundo la ngozi. Askari wanaingia, wanauliza, mjane anasema hajaona mtu. Ukurasa unaofuata waasi wako ndani ya mashua, salama, wanatazama nyota. Mjane hatajwi tena. Mwalimu alifunga kitabu kidole kikiwa katikati.

"Askari walitoka wakaenda wapi? Na mjane?"

Msichana mmoja wa upande wa Liboi, ambaye kwa kawaida hakusema neno darasani, alisema, "Bibi yangu aliwahi kuficha watu." Akaeleza, kwa sauti ndogo, jinsi wanaume wenye silaha walivyokuja kumuuliza bibi yake, na jinsi alivyotembea akiburuta mguu mmoja tangu siku hiyo mpaka alipokufa. Akafuata mwingine, wa Hadado, aliyesimulia ya shangazi wa mama yake. Sahra naye akasema la kwao. Hayo yote tulikuwa tumeyasikia majumbani tangu utotoni, watu wazima wakiyasema kwa sauti ya chini, lakini hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba nayo ni historia. Kengele ililia wala hatukuisikia. Mwalimu alitoa kalamu nyekundu, akafungua daftari lake, na neno "Hakurudi" lililokuwa mbele ya mjane akalikata kwa mstari.

Sitaki nimfanye walii. Alikuwa na hasira za haraka, na siku moja alimpiga Sahra kiboko kwa kosa ambalo halikuwa lake. Kesho yake aliingia darasani kabla ya kengele, akasimama mbele yetu sote, akasema, "Jana nilikosea. Sahra, nisamehe." Sahra aliinama akaanza kulia, kwa sababu hakuna aliyewahi kutufundisha mtu ajibu nini mwalimu anapomwomba radhi. Mwalimu alikuwa mwoga wa ngamia pia. Mtu wa kwetu, mwenye ndevu zake, akiwaona ngamia wanakuja barabarani alivuka upande wa pili na kujifanya anasoma tangazo ukutani. Tuliwahi kumuuliza vipi anawaelewa farasi wa Ufaransa wote wale na anamkimbia ngamia mmoja. "Farasi wa kitabuni haumi," alijibu.

Na kulikuwa na mambo ya mama wa sambusa. Huyu mama alikaa langoni na beseni lake kila siku ya Mungu. Mwalimu alipita mbele yake asubuhi na alasiri akiwa amezama kwenye mawazo yake, asimpe hata salamu. Siku moja, alipokuwa akitushambulia kwa maswali juu ya jina la yule askari wa lango, Sahra aliinua mkono.

"Mwalimu, yule mama wa sambusa pale nje anaitwaje?"

Nilimwona akigeuka kutazama dirishani, kuelekea langoni. "Sijui," alisema. Alasiri hiyo alikwenda akamuuliza. Toka siku hiyo alimsalimu kwa jina lake, na jina la mumewe marehemu, na majina ya watoto wake wanne, asubuhi na alasiri, kwa urefu kiasi kwamba yule mama alimwendea karani wa shule kumuuliza kama Macallin anatafuta mke wa pili.

Karani huyo alikuwa mama yake Sahra. Namtaja kwa sababu mengi ninayoyajua ya siku ya mwisho, ambayo sikuyaona kwa macho yangu, nimeyapata kwake.

Sasa nifike kwenye jambo langu.

Mwalimu alitupa insha. Kila mmoja achague mtu mmoja wa kwenye daftari aandike alikwenda wapi baada ya kitabu kumwacha. Mimi nilimchagua mfua nguo wa kasri. Huyu alikuwa mwanamke asiyejua kusoma, aliyekuta barua ndani ya mkono wa shati la bwana mmoja, akaipeleka kwa mtu asiyefaa, na kwa ajili hiyo mwasi mmoja akakamatwa. Kurasa mbili tu, halafu hakurudi. Nilimwandikia kurasa saba. Nilimfanya agundue kosa lake, alie, asafiri kwa miguu mpaka gerezani, amwombe yule mwasi msamaha, na mwasi amsamehe kupitia matundu ya dirisha. Mwalimu aliisoma insha yangu mbele ya darasa tangu mwanzo hadi mwisho. Sikuwahi kusifiwa namna hiyo maishani. Aliporudisha daftari nilikuta chini ameandika kwa wino mwekundu, "Vizuri sana. Lakini umemsamehe upesi mno. Mwache akae na jambo lake kidogo."

Nilikuwa na miaka kumi na saba, na sifa zilikuwa zimenipanda kichwani. Maneno yale mekundu yalinichoma. Nikataka kumsoma mfua nguo mwenyewe, bila Mwalimu kunisomea, nione kama kweli nimekosea. Kitabu kilikaa kwenye kabati la chumba cha walimu, na alikuwa ametukataza waziwazi kukichukua. "Nitakaposema kimekwisha, kila mmoja atakisoma kwa zamu," aliahidi. Sikungoja. Alhamisi moja baada ya masomo nilitumwa kupeleka madaftari, nikakuta chumba kitupu na kabati halijafungwa, nikakitia kitabu chini ya buibui langu.

Nyumbani nilikisoma siku mbili. Nilimpata mfua nguo. Mbele kidogo yake nikakutana na kurasa nne zilizobanwa pamoja kwa pini za stepla, pembe zote, juu na chini, kwa uangalifu wa mtu anayeshona nguo. Mwalimu alikuwa amezibana ili hata siku tutakapopokezana kitabu tusizione. Nilichukua kisu cha jikoni, nikazing'oa pini moja moja. Zilikuwa kumi na moja. Ndani mlikuwa na bwana wa kasri na mke wa mtu chumbani, mvinyo, na mengine ambayo msichana wa kwetu hapaswi kukutwa akiyasoma. Sikukutana na mfua nguo humo. Niliendelea kusoma hata hivyo.

Baba yangu alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, mtu mpole, aliyejifunza Kiingereza akiwa mtu mzima na aliyejivunia sana kwamba bintiye anajua zaidi yake. Aliingia chumbani kwangu kutafuta shati lake, akakikuta kitabu kimelala wazi juu ya kitanda, mahali palepale. Akaketi, akaanza kusoma polepole, akifuata mistari kwa kidole. Niliporudi kutoka kuchota maji nilimkuta bado ameketi.

Kwetu baba humwita mwanawe kwa neno lilelile ambalo mwana humwitia baba. "Aabo," alisema, "nani amekupa hiki?"

Hakupandisha sauti. Laiti angepandisha, huenda ningesema kweli. Alikuwa akinitazama kama mtu anayeomba nimpe jibu ambalo litamwezesha kuendelea kunipenda kama jana. Nami nikampa.

"Mwalimu."

"Amekupa akakuambia usome hapa?"

Kwa muda mfupi nilikuwa na nafasi. Zile pini zilikuwa ndani ya kibweta cha kalamu, hatua tatu kutoka alipoketi. Zingetosha kumwokoa mtu yule, kwa kuwa zilieleza alichofanya Mwalimu vizuri kuliko maneno.

"Ndiyo," nilisema.

Alipotoka nilizichukua pini zote kumi na moja nikazitupa chooni.

Baba hakutaka jina la binti yake liingie midomoni mwa watu. Alimpelekea kitabu mwenyekiti wa kamati ya wazazi, akamwomba asiseme kimetoka nyumba gani. Shule ikaitisha kikao. Mimi niliitwa na mwenyekiti siku moja kabla, kwa siri, nikapewa karatasi niandike nilichomwambia baba, bila kutia jina. Niliandika mistari mitano. Ile sentensi ya pili nilikuwa na hakika haijaandikwa vizuri, nikaikata, nikaiandika upya ili isomeke vizuri. Nataka hilo lijulikane. Katika barua ya kumwangamiza mtu aliyenifundisha kuandika, nilitafuta ufasaha.

Mama yake Sahra ndiye aliyekuwa akiandika kumbukumbu za kikao. Alinisimulia miaka mingi baadaye, akidhani ananisimulia habari za kale tu. Mwenyekiti alikiweka kitabu mezani akauliza kama ni cha Mwalimu. "Ni changu," alisema. Akaulizwa kama alizijua kurasa zile. Alisema alizijua na alizifunga. Mwenyekiti akamwonyesha kwamba ziko wazi. Mwalimu alizitazama, akapapasa pembe ya karatasi kwa kidole, pale penye matundu madogo. Ilimtosha kusema, tazameni matundu haya. Hakusema. Mama Sahra alidhani alikuwa amechanganyikiwa. Mimi nadhani aliyaona matundu, akaelewa kwamba mmoja wetu ndiye aliyezing'oa pini, na kwamba akiyaonyesha wataanza kumtafuta huyo mmoja.

Kisha mwalimu mkuu akamsogezea karatasi yangu. "Huu ni ushahidi wa mwanafunzi. Usome ujibu."

Mwalimu aligeuza uso ukutani.

"Niondolee," alisema. "Naijua miandiko yao yote. Nikiuona nitamjua."

"Hutaki kumjua aliyekushtaki?"

"Nitamjua halafu nifanye nini?"

Alikuwa mwalimu wa kuajiriwa na bodi ya shule, hakuwa na mtetezi. Jumatatu yake aliingia mwalimu mwingine, kijana, aliyefundisha Kiingereza vizuri tu. Tuliambiwa Mwalimu amepata kazi kwingine. Haikuchukua wiki mji mzima ukawa unasema habari za mwalimu wa vitabu vichafu, na shule mbili alizokwenda kuomba kazi zilikuwa zimeshasikia. Hakufundisha tena. Kitabu chenyewe sikukiona tena, na sikuthubutu kuuliza kilipo.

Na mimi? Mimi nilipita mtihani. Nilipelekwa chuo kikuu, baba akachinja. Darasani tulipokisia nani alimchongea Mwalimu, nami nilikisia. Tulipofika kwenye msichana wa Liboi, yule aliyesema habari za bibi yake, wenzangu wakasema huenda ni yeye, kwa kuwa ni mtu wa kimya na watu wa kimya hawaaminiki. Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Alimaliza shule bila rafiki.

Nimejaribu kuwa mtu mzuri tangu hapo, kama watu wengi walio na jambo. Nimekuwa mhariri wa vitabu vya shule. Sijawahi kumpuuza mwandishi mchanga. Wakati baba alipokuwa mgonjwa, nikimwosha miguu, nilifikiri nimwambie. Alikuwa akiniambia kila mara kwamba jambo moja analojivunia ni kuwa alinikinga na yule Macallin. Nikaendelea kumwosha. Alikufa akijivunia.

Mwaka jana nilitumwa Wajir kwenye warsha ya walimu. Gari letu lilisimama Habaswein, dereva akaenda kuswali na kula. Nilijua kwamba Mwalimu yuko pale. Nilikuwa nimejua kwa miaka, kwa maana dada yake alikuwa na duka Habaswein na kila mtu wa Garissa anamjua mtu wa Habaswein. Nilikuwa nimepita mji huo mara tatu kabla ya siku ile na mara zote tatu sikushuka kwenye gari. Safari hii nilishuka kwa sababu miguu ilikuwa inaniuma, ndivyo nilivyojiambia.

Alikuwa ameketi nje ya duka, chini ya kipande cha turubai, nyuma ya meza ndogo. Kazi yake ilikuwa kuwajazia watu fomu, za vitambulisho, za vyeti vya kuzaliwa, barua za kwa chifu. Ndevu zilikuwa nyeupe sasa, hina ameiacha. Mbele yake alikuwapo bibi mmoja aliyetaka kitambulisho.

"Ayeeyo," alimwambia, yaani bibi kwa Kisomali, "jina la mama yako."

"Macallin, fomu inataka jina la mama yangu? Amekufa zamani, hata kaburi lake silijui."

"Inataka. Na kama haitaki, mimi nataka. Taja."

Bibi akalitaja. Mwalimu akaliandika kwa herufi kubwa, akamsomea, bibi akatikisa kichwa, akaomba amsomee tena.

Nilingoja mpaka bibi akaondoka. Nikasogea nikasalimu.

"Wa aleykum salaam, abaayo," alisema, akiniita dada kama anavyoitwa mwanamke yeyote kwetu. "Kitambulisho au cheti?"

"Si fomu, Mwalimu. Nilisoma kwako Garissa."

Alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shati, akaivaa tena. Kisha uso wote ukafunguka. "Dirishani," alisema. "Ulikaa dirishani, ubavuni mwa Sahra. Ukichoka ulikuwa unauma kalamu." Akaita ndani ya duka tuletewe chai. Aliuliza habari za Sahra, na za mama wa sambusa, na nilipomwambia amefariki alimwombea kwa jina lake kamili. Aliuliza nafanya kazi gani. Nilipomwambia, alifurahi mno, akawageukia wanaume waliokaa kwenye benchi la jirani akasema kwa Kisomali, "Huyu ni mwanafunzi wangu. Anatengeneza vitabu." Wale wanaume wakanipa salamu za heshima. Nilitamani ardhi inimeze.

Chai ilikuja, ya maziwa ya ngamia, tamu kupita kiasi. Nikaishika bila kunywa. Nilikuwa nimeyapanga maneno yale kwa miaka kumi na sita, kwa Kiswahili, kwa Kisomali, hata kwa Kiingereza. Yote yakanikimbia, nikabaki na mwanzo tu.

"Mwalimu. Mwaka ule ulipoondoka. Kuna jambo..."

Aliinua mkono uliokuwa na kalamu. Hakuuinua kwa ukali. Ni vile alivyozoea kumzuia msichana aliyeanza kujibu kabla hajafikiri.

"Abaayo, kama ni habari za mwaka ule, ziache."

"Mwalimu, nikiziacha nitakaa nazo."

"Kaa nazo." Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayemwambia mwenzake akae kitini. "Mimi nilitoka pale nina wasichana arobaini na wawili. Wanaolewa, wanazaa, wengine wanapita hapa wananiletea sukari. Nawapenda wote sawasawa. Ni kitu kimoja nilichobaki nacho kutoka kazi ile. Ukiniambia unalotaka kuniambia, watabaki arobaini na mmoja."

Sijui hadi leo kama alikuwa ameshajua. Najua tu kwamba hakutaka kusikia, na kwamba nilichokuwa nimekibeba kumpelekea kilikuwa mzigo wangu, nikitafuta pa kuutua. Niliinywa ile chai. Aliniuliza kama watoto wa Nairobi bado wanasoma vitabu vyenye kurasa nyingi, nikamjibu, na sauti yangu haikutetemeka. Dereva alipopiga honi, Mwalimu aliinuka, akanisindikiza polepole hadi barabarani, akanifungulia mlango wa gari. Akainua viganja vyake viwili na kuniombea dua ya safari, ndefu, kwa jina langu na la baba yangu, kama anavyoombewa mtu asiye na kosa.